Taa Mbea

Gaudensi alitaka ile ya zambarau. Nilimwona tangu anaingia dukani: macho yalikwenda moja kwa moja kwenye taa ya wati mia tatu niliyoitundika dirishani, ile inayomwaga rangi hadi barabarani, wakati mkewe Avelina bado anapangusa matope mlangoni na binti yao kajificha nyuma ya sketi ya mama yake.

"Shikamoo, Fundi. Tupe hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo kiboko."

"Marahaba. Hiyo ni pambo," nikamwambia. "Naiwasha ili watu kama wewe waingie. Kibali kiko wapi?"

Avelina akatoa kadi kwenye pochi, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Lusungu Gaudensi Mhagama, miaka tisa, kifafa. Hema moja, mmea mmoja, taa moja. Babu yangu mimi alikula miaka mitatu jela kwa magunia mawili ya bangi. Leo Serikali inakugongea muhuri na mbegu inakupa. Dunia haina aibu.

"Hema la tiba ni sentimita sitini kwa sitini," nikamweleza Gaudensi. "Ni kabati la nguo za mtoto. Ukiweka wati mia tatu humo, wiki ya kwanza majani yanakunjamana, wiki ya pili yanaungua. Wati mia zinakutosha na chenji inabaki."

"Lakini hii ina mwanga mkali zaidi."

"Mkali kwa jicho lako. Mmea hauna jicho lako. Halafu hiyo zambarau ni bluu na nyekundu tu. Mmea unakua, sikatai, ila ukitaka kuangalia jani unaliona jeusi tupu. Utajuaje kama limepauka, kama lina utitiri, kama lina njaa? Chukua nyeupe iliyoongezwa nyekundu. Unaliona jani lilivyo, na maua yanajaa."

Alinuna. Alikuwa mtu wa kiwanda cha mbao, amezoea kupima mashine kwa kelele zake, na mimi nilikuwa nampa kipande bapa cha bati kisicho na mbwembwe hata kidogo. Avelina hakununa. Aliuliza maswali ya maana: itundikwe juu kiasi gani, atajuaje kama ni moto mno. Nikamwambia aweke kiganja pale kilele cha mmea kinapofika, ahesabu hadi thelathini. Kiganja kikisikia joto, taa ipande.

Ndipo binti akachomoza kichwa. "Bibi, hii ndiyo taa mbea?"

Mama yake akamfinya. Mimi nikacheka, na si kawaida yangu kucheka na wateja.

"Ndiyo yenyewe. Nani kakwambia?"

"Shuleni. Wanasema inasema mambo ya watu."

Ofisini inaitwa taa yenye kumbukumbu. Katikati ina jicho dogo, ukubwa wa punje ya ulezi, linalotazama jani mchana kutwa, linahesabu mwanga na linahesabu giza. Bangili ya mgonjwa nayo inahesabu vifafa. Kila alfajiri yote hayo yanakwenda Dodoma, kwenye mtambo ambao watu wanauita Mpishi, na Mpishi anachanganya habari za mahema elfu arobaini na kurudisha pishi la siku hiyo: leo nyekundu kidogo zaidi, kesho nusu saa pungufu. Ndiyo maana ukikamua mafuta unajua ukali wake hadi tone la mwisho. Mtoto wa Songea anapata nafuu kwa habari za mzee wa Tarime ambaye hatamwona maishani mwake.

"Na ikisema uongo?" Lusungu akauliza.

"Taa haijui uongo. Watu ndio wanaujua."

Zilikuwepo za aina mbili, toleo la saba zote. Moja kisanduku chake cha umeme kinakaa nje ya hema, ndani panabaki baridi. Nyingine kisanduku kimebandikwa mgongoni mwa taa, kinatoa joto. Njombe ni Njombe. Nilijua Julai itakuja na ukungu wake, mizizi itakufa ganzi. Nikawapa yenye kisanduku ndani, pamoja na feni ndogo ya kuzungusha hewa. Nilijiona mjanja sana siku ile.

*

Mavuno ya kwanza yalitoka Mei. Kabla ya hapo Lusungu alikuwa anaanguka kila siku, siku nyingine mara tatu, na dawa za hospitali zilikuwa zimemkataa zote. Mwezi Juni alianguka mara moja tu. Avelina alikuja dukani kuniambia hilo, akasimama katikati ya waya na masanduku akalia, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi kwa sababu sijui kusimama mbele ya mtu anayelia.

Julai, gogo likamporomokea Gaudensi kiwandani. Alifika hospitali ameshakwisha.

Nilikwenda msibani kama kila mtu. Ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye mapaa na manyunyu hayakatiki. Wanaume nje kwenye moto, wanawake ndani wamejazana vyumba vyote viwili, na taa za nyumba zinawaka usiku na mchana, maana nyumba yenye maiti haizimwi taa. Avelina alikuwa ameketishwa chini kwenye godoro, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Mjane kwetu haamki, haagizi, haulizi kitu kiko wapi. Wenye sauti ni upande wa mume, na upande wa mume ulikuwa dada yake marehemu, Shangazi Kalista, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele ya shule.

Asubuhi ya siku ya pili simu yangu ikalia. Mimi ndiye fundi wa kata. Taa yoyote ya kata yangu ikinung'unika, inaninung'unikia mimi. Hema la Lusungu Mhagama: giza limevunjika, saa kumi na mbili zote.

Hapa lazima nieleze jambo moja, halafu sitalirudia. Mmea ukiwa mchanga unapewa mwanga saa kumi na nane. Ukitaka utoe maua, yaani dawa, unaupa saa kumi na mbili za mwanga na saa kumi na mbili za giza. Giza lenyewe liwe giza kweli. Ukichungulia kwa tochi ya simu, mmea unachanganyikiwa, unadhani msimu umegeuka, unaanza kutoa mbegu badala ya dawa. Hema la Lusungu lilikuwa wiki ya tano ya maua.

Nikaingia ndani, nikajipenyeza hadi chumba cha nyuma. Zipu ya hema ilikuwa wazi juu hadi chini. Ndani, kwenye kamba za taa, vilikuwa vimeanikwa vitenge vinne na sweta mbili, feni inavipuliza. Juu ya hema, balbu ya chumba inawaka. Kina mama walikuwa wamelowa wakitoka kisimani na kwenye kuni, nguo hazikauki siku tatu, na hapa mtu kakuta kijumba kina joto, kina kamba, kina upepo. Nani asingeanika?

"Dada, karibu, kaa," Shangazi Kalista akaniambia kutoka kwenye mkeka. "Una kitenge kibichi? Lete. Huyu kaka yangu alikuwa fundi, jamani, ona alivyotengeneza kikaushio!"

Wanawake wakasikitika kwa mapenzi. Lusungu alikuwa kona ya chumba, akanitazama. "Bibi, niliwaambia," alisema.

"Mtoto!" Shangazi akamkata. "Msibani huamrishi watu."

Sasa niulize mimi nilifanya nini. Sikufanya kitu. Ningeanzaje kuteremsha nguo za waombolezaji, mbele ya maiti, niwaambie wafunge zipu kwa ajili ya bangi? Nilimtazama Avelina kupitia mlangoni. Alikuwa anaona kila kitu kutoka pale kwenye godoro. Macho yake yalikuwa yananiomba niseme, kwa kuwa yeye hawezi, na mimi nikainama, nikachukua sufuria nikaenda kuosha. Giza lilivunjika usiku wa pili, likavunjika na wa tatu. Nilikuwa najua.

*

Walipoanua tanga nilirudi na kompyuta yangu ya mkononi. Avelina sasa aliweza kusimama. Alikuwa amekwishafunga hema, amepangusa majani moja moja kwa kitambaa.

"Dawa imeharibika?" akauliza.

"Si yote. Imeanza kutoa mbegu matawi ya chini. Bado wiki nne, ikipata giza zuri itamaliza. Dawa itakuwepo, ila siwezi kukuambia ukali wake."

"Na chupa iliyopo inafika mwisho wa Agosti. Basi afadhali." Akashusha pumzi. "Nilidhani umekuja na habari mbaya."

"Habari mbaya ndiyo niliyokuja nayo," nikasema, nikafungua fomu.

Fomu ya giza lililovunjika ina visanduku viwili. Kimoja: hitilafu ya taa. Cha pili: uzembe wa mwenye hema. Zamani kulikuwa na cha umeme, wakakifuta, maana umeme ukikatika giza halivunjiki, linaongezeka. Msiba hauna kisanduku. Nikiweka tiki kwenye uzembe, hema linafungwa siku mia moja themanini, taa inachukuliwa, mmea unateketezwa. Ndiyo hivyo, na fomu lazima iende ndani ya siku tatu.

Avelina aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Weka hitilafu," akasema.

"Taa haina hitilafu."

"Najua haina. Weka."

"Siwezi, Mama Lusungu."

Nikamweleza. Kwa Mpishi, hitilafu si habari ya taa moja. Akisikia taa ya toleo la saba imewaka gizani, ataamini zote elfu kumi na moja za toleo hilo zinavuja mwanga, na atazipunguzia zote nguvu ili kufidia. Dawa ya watu elfu kumi na moja itachuja, na wao wataendelea kunywa matone yale yale wakidhani wamekingwa. Miaka minne iliyopita fundi mmoja alifanya hivyo kumwokoa shemeji yake. Mdogo wangu Onesmo alikuwa na taa ya toleo lile. Alidondokea kwenye jiko la mkaa akiwa peke yake, anachemsha maharage. Yule fundi nilimchukia, na hadi leo namchukia, na nikimwona njiani navuka upande wa pili.

Avelina alinisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti.

"Pole," akasema. "Huyo alikuwa ndugu yako. Huyu ni mwanangu. Umemzika baba yake juzi, ulikuwepo. Akianguka nami niko shambani, nani atamwokota? Na ulikuwepo humu ndani siku ya pili, Fundi. Nilikuona. Uliona zipu."

"Niliona."

"Ukaenda kuosha sufuria."

"Nilikwenda."

"Basi mzembe ni nani?"

Kisanduku cha uzembe wa fundi hakipo, ningekitia tiki kwa mikono miwili. Nikaweka tiki kwenye uzembe wa mwenye hema, na pale pa maelezo nikaandika: palikuwa na msiba. Nikatuma. Avelina alifungua mlango akausimamia hadi nilipotoka. Lusungu aliniaga peke yake, "Kwaheri, Bibi," na nilijisikia takataka njia nzima.

*

Kuna uongo unaokwenda kwenye mwanga na uongo unaoishia mezani. Nililifikiria hilo nikitembea. Fomu ya kuteketeza mmea haiendi kwa Mpishi. Inakwenda kwa Afisa wa Hema wa kata, inapigwa muhuri, inawekwa kwenye faili, na hakuna mgonjwa yeyote duniani anayekunywa kilichomo ndani ya faili. Nikaketi kando ya njia, nikaijaza juu ya goti. Mmea umeteketezwa, tarehe, sahihi. Ni kosa la miaka mitano na kufutiwa leseni.

Kisha nikafika dukani, nikaingia stoo. Nyuma ya masanduku ninazo taa bubu kumi na moja, za enzi za kabla ya sheria, hazina jicho wala hazisemi na mtu. Nilipaswa kuzivunja miaka mingi iliyopita. Nikazipanga chini, nikaanza kuchagua, na nakiri kwamba sijawahi kuchagua taa kwa uangalifu kama ule.

Tatu za zambarau niliziweka kando. Moja nyeupe ilikuwa ya wati mia na hamsini, nzuri, ila feni yake ya ndani ingesikika hadi barabarani. Nyingine punje zake za taa zilikuwa zimeanza kuwa kahawia pembeni, dalili kwamba zimepikwa na joto lake zenyewe. Ikabaki moja ya wati tisini, nyeupe ya joto kama ya sebuleni, ambayo kwa maua ni heri. Nikaiwasha saa nzima, nikashika mgongo wake: vuguvugu. Nikapima mwanga wake kila pembe ya mraba wa sentimita sitini. Katikati ulikuwa mkali, pembeni hafifu, kwa hiyo nikakata karatasi za kung'aa, rangi ya fedha, za kuzungushia ukutani zirudishe mwanga. Kisanduku chake cha umeme nilikifungia waya mrefu kikae nje ya hema.

Nilirudi saa nane mchana na gari la duka, taa ikiwa ndani ya boksi la feni. Avelina alidhani nimekuja kung'oa. Kweli nilikuja kung'oa. Nikang'oa taa mbea, nikaizima jicho, nikaitia kwenye gunia la ofisi pamoja na bangili ya Lusungu. Halafu nikafungua boksi.

"Hiyo nini?"

"Bubu. Mmea wako nimeuteketeza, kwenye karatasi. Usimwambie mtu, hata mchungaji."

Alikaa kitandani ghafla. Alinitazama kwa muda mrefu, na sikupenda kutazamwa vile.

"Sikiliza vizuri," nikamwambia, "nisije nikakudanganya na wewe. Hii haitapima kitu. Hakuna Mpishi, hakuna pishi. Tutakachokamua hatutajua ukali wake. Huenda tone moja likawa maji, huenda likamlewesha mtoto asimame asubuhi anayumba. Tutakuwa tunamjaribia Lusungu, tone kwa tone, mimi na wewe tumekaa tunamtazama. Ukisema hapana, naingiza boksi kwenye gari."

"Wewe ungesemaje?"

"Mimi sina mtoto. Usiniulize."

Akainuka, akashika upande mmoja wa taa. "Sentimita ngapi?" akauliza.

"Arobaini na tano. Hii ni kali katikati."

Tuliifunga pamoja. Lusungu alipewa kazi ya kuchungulia kila tundu la hema tukiwa tumeutoa mmea na kumfungia yeye humo, aseme kama anaona mwanga. Alisema anaona mwanga mahali pawili, kwenye zipu na kwenye tundu la waya, nikapaziba kwa gundi ya karatasi. "Sasa sioni hata mkono wangu," akasema kutoka ndani, anacheka.

*

Wiki nne na siku mbili. Tulivuna Jumamosi, tukakausha, tukakamua kwa mashine yangu ya mkono, tukapata chupa tatu ndogo. Matone ya kwanza tulimpa Jumatatu ya wiki ya pili, nusu ya dozi yake ya zamani. Siku tatu hakulewa. Siku ya nne alianguka, sekunde arobaini, nikahesabu mimi mwenyewe kwa saa ya mkononi, na Avelina akamshika kichwa. Tukaongeza tone. Siku sita hakuanguka. Nilikuwa nimeanza kulala vizuri.

Siku hiyo ya sita, mchana, nipo jikoni kwa Avelina nakunywa uji, nikasikia kengele ya shule nje.

"Hodi humu! Avelina! Nimekuletea mkubwa mwenyewe!"

Shangazi Kalista aliingia amevaa nguo ya kanisani, na nyuma yake Afisa Mwinuka wa Hema, kofia mkononi. Baadaye nilielewa alichofanya. Aliambiwa na watu kwamba mtoto wa marehemu kaka yake amefungiwa hema kwa sababu ya vile vitenge, na hilo limemkosesha usingizi mwezi mzima. Halafu wiki hii amemwona mtoto mzima, anaruka kamba, na Lusungu kamwambia Bibi Fundi aliuponya mmea. Basi akapanda hadi ofisini, akasema mbele ya watu: mzembe ni mimi, Kalista, si mjane wa watu, niandikeni mimi, na mmea haujafa, njooni muone, Fundi aliuokoa, apewe na cheti. Alikuwa anajivuna, jamani. Nilitaka kumlilia.

Afisa alikwenda chumba cha nyuma peke yake. Alikaa huko muda. Aliporudi aliketi kwenye kigoda mbele yangu na fomu magotini. Ni kijana wa miaka arobaini. Mama yake ni mteja wangu, anaugua maumivu ya mifupa.

"Mama," akaniambia, "nimeona bubu. Nimeona shina limekatwa juzi juzi. Ulisaini kwamba limechomwa."

"Nilisaini."

"Hii inakupeleka ndani, mama. Mimi sitaki kumpeleka ndani mtu mzima." Akashusha sauti. "Iko njia. Fomu ya kwanza inarekebishika ndani ya siku sitini. Tunabadilisha: taa ilikuwa na hitilafu. Fundi akishakuta hitilafu anaruhusiwa kufunga taa ya muda. Bubu inakuwa taa ya muda, na karatasi ya kuteketeza naichana. Hema linafunguliwa leo. Kila mtu analala kwake."

Avelina alikuwa amesimama mlangoni. Nilisikia pumzi yake. Sasa haikuwa habari ya mtoto wa mtu tu. Ngozi yangu nayo ilikuwamo, duka langu, uzee wangu. Mara ya kwanza nilipokataa sikuumia mimi. Nilijua naye analiwaza hilo hilo, na niliogopa, sitaficha. Nilitaka ile kalamu.

"Taa ya mama yako ni toleo la ngapi?" nikamwuliza.

"Sijui. Uliifunga wewe."

"La saba. Ukibadilisha hicho kisanduku, keshokutwa alfajiri taa yake inapunguzwa, na ataendelea kunywa matone yale yale, na utamsikia analia usiku usijue kwa nini. Yeye na wengine elfu kumi na moja."

Hakuwa anajua, maofisa hawafundishwi hilo, wanafundishwa mihuri. Shangazi Kalista alianza kuuliza kuna nini, hakuna aliyemjibu. Afisa alifunga kalamu, akaifungua tena.

"Basi inabaki ilivyo," akasema. "Uzembe. Na wewe, mama, nakuandika."

"Niandike."

"Kila kilichokamuliwa kinachukuliwa. Chupa ngapi?"

Zilikuwa mezani, kando ya bakuli la uji. Zilikuwa mezani hodi ilipopigwa, chupa tatu. Sasa zilikuwa mbili. Lusungu alikuwa amejibanza kando ya kabati, mikono imekumbatia tumbo la sweta kama anayesikia baridi. Alikuwa ananitazama mimi, si Afisa. Fomu ile ina mstari wa idadi ya chupa, na fomu ile inakwenda kwenye faili.

"Mbili," nikasema.

"Unaapa?"

"Naapa."

Akaandika mbili, akazitia mfukoni, akaninyooshea fomu nisaini. Shangazi Kalista alikuwa ameelewa sasa. Alikaa sakafuni na nguo yake ya kanisani, anapiga mapaja, anamwita kaka yake. Afisa aliniambia nifunge duka nimfuate ofisini kabla ya saa kumi. Alitoka bila kuaga.

Nikavaa koti. Avelina alinifuata hadi uani. Nilidhani atanishukuru, au atanitukana. Vyote viwili ningevielewa.

"Ile moja," akasema, "haifiki hata Krismasi."

"Najua," nikamwambia.